Kitabu cha Usingizi wa Nduku

Jumanne, 15 Januari 2008

Daktari amenipatia hii kitabu leo. Yeye si daktari kamili, ni klinikal ofisa, anaitwa Lusweti, lakini hapa Kibera mtu akiwa na koti nyeupe tunamwita daktari na yeye anaitika. Amesema kila siku niandike vitu tatu. Nduku amelala masaa ngapi, amekula nini, dawa amemeza ama hakumeza. Basi.

Amelala masaa mawili. Uji, nusu kikombe. Dawa anaanza leo jioni.

Niandike pia vile tulifika huko. Nduku mke wangu hajalala vizuri tangu mwaka iishe. Anakaa kwa kitanda akiangalia mlango. Ikifika saa nane mchana anashtuka anauliza, "Nani anabisha?" Hakuna mtu anabisha. Nafungua namwonyesha. Anaangalia nje, halafu anaangalia mimi, na anakaa tena.

Daktari alimwuliza, "Mama, kwenu kuna mtu amewahi kuwa na shida kama hii? Ya kukosa usingizi, ya kusikia vitu?"

Nduku alikuwa anaangalia mlango ya kliniki. Nikajibu mimi. Nikasema, "Kwao iko. Shangazi yake Wanza alikuwa hivyo hivyo mpaka akakufa."

Akaandika kwa kadi. Haikuchukua hata dakika moja. Halafu akanifafanulia vizuri sana, kwa heshima. Ati ubongo ni kiungo kama maini ama figo. Ndani kuna maji maji inapeleka habari, na ikipungua ama ikizidi mtu anakosa usingizi, anasikia sauti. Hiyo hali inaweza kutembea kwa damu ya familia kama vile pumu hutembea. Akasema, "Mzee, hii si mapepo, si kulogwa, na si makosa ya mtu yeyote."

Hiyo ya mwisho nimetembea nayo mpaka nyumbani.

Alhamisi, 17 Januari

Risasi tangu asubuhi upande wa reli. Gesi ya polisi imeingia mpaka kwa sufuria. Masaa matatu. Hakukula. Dawa ndio.

Jumapili, 20 Januari

Masaa sita! Nimeangalia saa mara mbili. Amekula ugali na sukuma, sahani imeisha.

Wamama wa kanisa walikuja kumwombea ati atolewe pepo. Nikasimama kwa mlango nikawaambia asanteni, ni ugonjwa ya ubongo, ako na dawa. Mama Wekulo, yule wa kuuza omena, akaniangalia toka juu mpaka chini. "Fundi, ni ubongo gani hiyo inabisha mlango?"

"Ndio ugonjwa yenyewe, Mama Wekulo. Anasikia kitu haiko."

"Haya. Wewe ndio umesoma."

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Lakini walienda. Hiyo maneno ya ubongo iko na nguvu, hata pasta hawezi kuibishia. Bila hiyo maneno wangemlaza chini wampigie kelele mpaka jioni. Kwa hiyo sitadharau dawa, wala sitadharau Lusweti.

Jumanne, 22 Januari

Masaa sita na nusu. Githeri. Ndio. Saa nane ameuliza nani anabisha.

Jumamosi, 26 Januari

Masaa saba. Chai na mkate. Ndio.

Muia amepiga simu toka Kitui, ndugu ya Nduku. Alikuwa na hasira. "Mutinda, dada yangu ana nini? Tulikupatia mtu mzima."

Nikamwambia vile daktari amesema, ati ni kitu ya damu, ni ya kwao kupitia Wanza. Nilifikiri simu imekatika. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe." Ile ukali yote ikaisha. Akaniuliza kama ninahitaji kitu. Nikamwambia hapana.

Nilihisi vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni ukweli, nilihisi vizuri.

Alhamisi, 31 Januari

Masaa saba. Wali. Ndio.

Leo nimerudi kazi Kawangware mara ya kwanza tangu uchaguzi. Karakana yangu iko kwa ploti ya Ng'ang'a. Natengeneza vitanda na milango, hasa milango. Hapa Soweto West ya Kibera sisi Wakamba tunaangaliwa vibaya tangu wiki ya pili ya Januari, mkubwa wetu alipoingia serikali, ati tumeuza watu. Huko Kawangware kwa Wakikuyu, wakisikia mimi ni Mkamba sasa wananisalimia mkono mbili. Kila mtaa na hesabu yake.

Ng'ang'a akaniambia, "Fundi, nimeweka mgeni kwa ile chumba ya kona. Mtu wa kwenu Kibera. Walimvunja mguu na wakatoa vitu vyake wakachoma. Simchaji kitu mpaka apone."

Mlango ya kona ikafunguka, na akatoka Wangeci.

Wangeci alikuwa jirani yetu miaka kumi na sita. Ukuta yake na yetu ni moja. Alikuwa anapika chapati asubuhi, na ya kwanza ilikuwa inapita juu ya ukuta kwa msichana wangu Mwongeli, tangu akiwa nasari. Sasa anatembea akishika ukuta, mguu ya kushoto imepinda kwa goti.

Alifurahi kuniona. "Baba Mwongeli! Mko wazima? Mama Mwongeli anaendeleaje?"

Nikasema ni mgonjwa kidogo.

Akasema, "Ile siku nilibisha kwenu. Nilibisha sana. Halafu nikajua mmetoka. Nikasema Mungu asante, hao angalau wametoka."

Sitaandika zaidi leo.

Jumatatu, 4 Februari

Masaa saba. Ugali, mayai. Ndio. Nimemtengenezea Wangeci mkongojo ya mbao, nikaweka kitambaa juu kwa kwapa. Akaniombea mbele ya watu, amenishika mkono. "Mungu akuwekee nyumba yako, fundi." Ng'ang'a akasema amina.

Jumatano, 6 Februari

Masaa nane. Ndio.

Jumapili, 10 Februari

Masaa nane. Nyama, kwa sababu tulikuwa na mgeni. Ndio.

Mgeni ni amu yake Alvin. Alvin ni kijana wa Machakos anatengeneza friji huko Industrial Area, yeye na Mwongeli wameelewana mwaka sasa. Pasaka ndio walikuwa walete mbuzi ya ntheo, wale mbuzi tatu za kufunga maneno, ndio msichana ajulikane ameposwa. Mzee alikula pole pole, akapangusa mikono, akasema, "Mutinda, sisi tunampenda mtoto. Lakini tumesikia kwa mama iko ugonjwa, na ni ya damu. Muia mwenyewe amekubali. Sasa hizo mbuzi tuziache kwanza zinenepe."

Nduku alikuwa amekaa pale, amevaa kitambaa safi, anasikia kila kitu.

Mzee akienda Mwongeli akafunga mlango akanigeukia. Hajawahi kuniongelesha hivyo.

"Buda, nani aliambia watu mathe ni chizi?"

"Hakuna mtu amesema chizi. Daktari..."

"Daktari alitoa wapi hiyo story ya Wanza? Mimi mwenyewe sijawahi kuskia. Ni wewe. Na sasa mimi pia niko nayo, si ndio? Nikizaa, mtoto yangu ako nayo. Umenipaka tu hivyo, buda, ukikunywa chai."

"Mwongeli."

"Mathe alikuwa sawa mpaka Disemba. Disemba ilifanyika nini? Mimi nilikuwa Machakos. Nyinyi ndio mlikuwa hapa."

Nikamwambia hakuna kitu ilifanyika. Nduku alikuwa anaangalia mikono yangu.

Jumatano, 13 Februari

Masaa nane. Ndio. Ameuliza nani anabisha. Nikamwambia hakuna mtu. Akasema, "Sawa. Ni kichwa yangu." Ni mara ya kwanza amesema hivyo.

Jumanne, 19 Februari

Masaa nane. Ugali, maharagwe. Ndio.

Kitabu iko na nafasi ya kutosha na mimi nimechoka kuandika masaa.

Jumatatu tarehe thelathini na moja Disemba. Matokeo yalikuwa yametangazwa jana yake jioni, na moshi ilikuwa pande zote. Tulikuwa ndani, mimi na Nduku. Nilikuwa nimefunga mlango. Hiyo mlango nilitengeneza mwenyewe, mbao ngumu ya inchi mbili, bawaba tatu, komeo ya chuma juu na chini. Ploti yote wanajua ni mlango ya Mutinda, hakuna mwizi anaiweza.

Saa nane tukasikia vijana wanaingia ploti. Walikuwa wanauliza nyumba ya Wangeci kwa jina. Walikuwa wanatafuta Wakikuyu, hawakuwa wanatafuta Wakamba. Hiyo siku hakuna mtu alikuwa na haja na Mkamba. Naandika hii kwa sababu nimejaribu kujiambia vingine.

Wangeci alitoka kwake akaja kwetu. Alibisha. Akaita, "Mama Mwongeli! Mama Mwongeli, nifungulie, wanakuja!" Nduku alikuwa ameshika komeo ya chini tayari. Nikamvuta. Nikamkalisha chini nyuma ya mlango, nikaweka mkono kwa mdomo yake na mgongo yangu nikaegemea mbao. Alinipiga. Aliniuma hapa chini ya kidole, alama iko. Mimi ni mtu mzito. Nikamshikilia.

Wangeci alibisha muda gani sijui. Nilisikia kila moja kwa mgongo yangu. Halafu akaacha kuita Mama Mwongeli akaanza kuita mimi. "Fundi! Fundi, ni mimi!" Halafu wakamfikia. Ilifanyika hapo hapo mbele yetu. Mbao ya inchi mbili haizuii sauti.

Nilifikiri wakiona nimemfungulia watachoma na sisi. Labda wangechoma. Labda hawangechoma, kuna watu wawili wa ploti ile ya chini walificha majirani na wako hai. Sijui. Lakini haikuwa hesabu nilifanya. Mkono yangu ilienda kwa mdomo ya Nduku kabla sijafikiri kitu.

Walipoenda nikatoa mkono. Nduku hakulia. Aliniangalia tu. Usiku huo mimi nililala. Na kesho yake. Mpaka leo nalala vizuri, masaa saba, nane, bila dawa.

Sasa ile swali inanikula ni hii. Kama kukosa usingizi ni damu mbaya, yangu ya kulala ni damu gani?

Jumatano, 20 Februari

Masaa nane. Ndio.

Alhamisi, 28 Februari

Wakubwa wamesaini amani, tumeona kwa televisheni ya kinyozi. Watu wanapiga firimbi mpaka Sarang'ombe. Kijana mmoja nilisikia sauti yake Disemba kwa ploti yetu amenikumbatia. "Mzee, imeisha!" Masaa saba na nusu. Chai tu. Ndio.

Jumamosi, 8 Machi

Muia amekuja. Amekuja kumchukua dada yake arudi naye Kitui. Si kwa ubaya, ameona ananilemea. Aliomba hata msamaha, ati hawakunijulisha wakati wa mahari. Mtu mzima, mvi kichwani, ananiomba mimi msamaha.

Nikamwuliza Wanza alianza kuugua lini.

"Wanza? Alizika watoto wawili wiki moja. Surua. Mzee wake akamwambia asilie, wageni wako. Baada ya hapo ndio akaanza kutembea akiwaita. Sisi tukiwa wadogo tulikuwa tunamcheka." Akafikiria. "Lakini nyanya yetu alizika watatu na hakuwa hivyo. Kwa hiyo labda iko kitu kwa damu pia. Mimi sijui, Mutinda. Nani anajua?"

Nimemwambia asiende naye bado. Anipe mpaka Jumanne.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kwanza kubwa, matope mpaka kwa magoti. Tulienda wote watatu. Lusweti alifungua hii kitabu akaanza kusoma masaa na kidole, anafurahi. "Mama anaendelea vizuri sana." Halafu akafika tarehe kumi na tisa Februari. Niliacha asome. Niliona ni rahisi kuliko kusema.

Akafunga. Akasema, "Hapana mzee. Sema kwa mdomo. Huyu mama hajasoma kitabu yako."

Basi nikasema, mbele ya Nduku na Muia. Yote, mpaka ile ya kuumwa. Muia alisimama akaenda kwa dirisha.

Lusweti akamwuliza Nduku kama ni kweli. Nduku alisema, akiongea na Lusweti, mimi kama siko:

"Huyu aliposema ni damu ya kwetu, niliona aibu. Halafu nikaanza kufikiri labda Wangeci hakubisha. Labda ni mimi husikia tu. Nimemeza hizo dawa nikiomba nisisikie. Karibu nisahau alibisha kweli."

Akanigeukia. "Kuniziba mdomo ile siku, uliogopa. Hiyo naijua. Lakini ya pili uliniziba ukiwa umekaa kwa kiti, daktari anakuuliza polepole."

Nilimwambia Lusweti afute kwa kadi ile maneno ya familia. Akakataa. "Shangazi aliugua, hiyo ni kweli. Haifutwi. Naongeza tu." Akachukua kalamu, na mahali pameandikwa historia ya familia, chini ya shangazi, akaandika neno moja. Mume.

Halafu akasema kitu nataka kukumbuka. Alisema hata yeye amekosa. Aliuliza kwao kuna nini, hakuuliza ilifanyika nini, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na ile swali ya kwanza iko kwa fomu na ya pili haiko. Nduku akauliza kama sasa aache dawa. Akasema, "Usiache, mama. Hiyo dawa ndio imekupatia nguvu ya kukaa kwa hiyo kiti leo. Kazi yake inaishia hapo. Nyingine utakuja tuongee kila wiki, na huyu mzee abaki nje."

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia Wangeci. Alikuwa anachagua mchele, mkongojo imelala kando yake. Nilisema nikiwa nimesimama. Akaendelea kuchagua. Akatoa jiwe, akatoa ingine.

"Mlikuwa ndani."

"Tulikuwa ndani."

"Wote wawili."

"Nduku alitaka kufungua. Nilimshika."

Akaweka uteo ya mchele chini. "Mimi nilikuwa nikilala nikijua nilibisha nyumba tupu. Hiyo ilikuwa inanisaidia, fundi. Ungeniacha na hiyo." Baadaye akasema, "Umekuja ndio wewe ujisikie vizuri?"

Nikasema sijui.

"Mwambie Nduku akuje. Wewe usirudi kwa hii kona." Na akaniambia nichukue mkongojo yangu. Nikamwomba abaki nayo. Akasema atatembea na ukuta.

Ng'ang'a amenipa mpaka mwisho wa mwezi nihamishe vyombo.

Jumamosi, 15 Machi

Nduku ameenda Kawangware na Mwongeli. Walikaa huko kutoka asubuhi mpaka saa kumi. Sijaambiwa waliongea nini. Masaa tano tu. Ndio.

Jumapili, 23 Machi, Pasaka

Nimeenda Machakos kwa amu yake Alvin, mimi peke yangu, nimwambie damu ya Nduku ni safi. Nilijua naenda kujimaliza lakini nilifikiri angalau mtoto atatoka safi. Nilimwambia yote. Mzee alisikiza mpaka mwisho, amefunga macho.

"Kwa hiyo kwa mama hakuna kitu."

"Hakuna, mzee. Ni mimi."

"Sawa. Mama ni safi." Akafungua macho. "Sasa kwa baba. Mtoto ni wa nani?"

Sikuelewa haraka.

"Mutinda, mimi nilikuwa tayari kuvumilia wazimu. Wazimu iko na hospitali, iko na tembe. Hiyo yako inatibiwa na nini? Mtu anabisha kwako jina kwa jina na wewe unaegemea mlango. Hiyo nayo si inatembea kwa damu?"

Nikamwambia damu haifanyi hivyo. Nikamwambia Mwongeli angefungua. Nilikuwa napiga kelele nafikiri, kwa sababu wamama walitoka jikoni. Nikasema mama yake alitaka kufungua, mimi ndio nilimshika. Akasema, "Ndio nauliza. Mtoto amefuata nani?"

Mimi ndio nilileta hiyo maneno ya damu kwao. Walikuwa hawana.

Jumamosi, 5 Aprili

Nduku ameenda Kitui na Muia. Amebeba dawa ya mwezi mbili na barua ya Lusweti. Nilimwuliza atarudi lini. Akasema, "Mimi nitakuambia." Hakukuwa na ubaya kwa sauti yake. Hakukuwa na kitu.

Ijumaa, 11 Aprili

Mwongeli alipitia, alisimama kwa mlango na mwavuli. Alvin amekataa kumwacha, kijana mzuri. Wazee wamepata njia. Mbuzi zitapelekwa kwa Muia, na Mwongeli atatolewa huko kama mtoto wa Muia. Upande wangu hautatajwa.

"Wamesema hivyo ndio itakuwa rahisi, baba." Hakuniita buda. "Usikuje, tafadhali. Ukikuja itabidi mtu aseme wewe ni nani."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi nataka kuolewa. Na nataka mathe akae siku moja bila mtu kumwangalia kichwa."

Nikamwambia sawa. Nikamwambia akae anywe chai. Akasema mvua inakuja.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua siku mzima. Nimetengeneza kitanda ya mtu mmoja hapa nje chini ya mabati.

Jioni Nduku alipiga simu. Nilisikia watu nyuma wanacheka, na mbuzi. Akaniambia imeenda vizuri, mbuzi zote tatu zilikuwa nzima bila kasoro. Wazee walimsimamisha Mwongeli wakamwuliza ni mtoto wa nani. Akajibu ni wa Muia. Hakusita.

"Nimekuambia mimi ndio usisikie na watu," Nduku akasema.

Nikasema alifanya vizuri.

Akasema siku hizi analala masaa sita, tembe ni nusu. Hajui ni nini imesaidia zaidi, hata Lusweti kwa simu alisema hajui. Saa nane bado anasikia. Lakini sasa ikibisha anasema kwa sauti, "Ndio, ni Wangeci," na inaisha.

Halafu kabla akate simu akaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula. Nikamwambia nimekula.

Nikampigia tena hapo hapo nimwambie ukweli. Simu ililia mpaka ikaisha. Huko walikuwa wameanza kucheza.